Kufunga konisi ya jipsam mwenyewe: mwongozo kamili wa chumba cha kwanza

Picha ninazotumiwa na watu waliojaribu kufunga konisi, yaani ule urembo unaofunika pembe kati ya ukuta na dari, kwa mikono yao zinafanana. Kona imeacha mwanya wa kupitisha kidole, ikajazwa puti mpaka ikavimba. Au kipande kilichokaa vizuri jioni kimekutwa asubuhi kiko sakafuni, kimevunjika, na ukutani hakuna hata alama kwamba gundi iliwahi kugusa pale.

La kwanza hutokana na konisi kulazwa vibaya wakati wa kukata. La pili hutokana na ukuta mkavu wenye vumbi kunywa maji ya gundi kabla gundi haijashika. Hapa Dodoma mvua ikishakata mwishoni mwa Aprili, hewa hukauka kwa miezi mingi na upepo huleta vumbi hadi ndani ya kabati, kwa hiyo kuta zetu zina kiu kweli kweli. Nimeyapa mambo hayo mawili nafasi kubwa kuliko mengine yote, na nakuomba usiyaruke.

Mwongozo huu ni wa konisi ndogo ya jipsam, upana wa inchi 3 hadi 4, kwenye chumba chenye kuta za plasta na dari ya jipsam bodi. Kama dari yako ni ya PVC, usiendelee: ile ina konisi zake za plastiki, na gundi ya jipsam haiishiki. Kama ni ya mbao au plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta, gundi peke yake haitoshi. Utahitaji pia skrubu zinazoingia kwenye mbao za dari.

## Kwa nini jipsam, si foamu wala mbao

Konisi ya foamu ni nyepesi na hukatwa kwa kisu, lakini huyeyuka ikiguswa na gundi zenye thina, na ikishika moto huwaka vibaya. Jikoni siitaki kabisa. Mbao inapendeza, ila hewa ikikauka hupungua na kona hufunguka. Jipsam ina uzito na huvunjika, lakini kwa anayeanza ina faida moja kubwa: kosa hujazwa kwa unga ule ule, hupigwa msasa, hupakwa rangi, na halionekani tena.

## Hesabu ya vipande

Wengi hupima mzunguko wa chumba, wakagawanya kwa urefu wa konisi, wakaenda dukani. Hesabu hiyo hukuacha pungufu.

Chukua chumba cha futi 12 kwa 12. Kila ukuta una mita 3.66, mzunguko wake ni mita 14.6. Konisi za mita 2.4 ukizigawanya hapo zinatoka 6 na kidogo, kwa hiyo mtu ananunua 7. Sasa tazama ukuta mmoja mmoja: kila ukuta unahitaji kipande kizima cha mita 2.4 na kingine cha mita 1.26. Konisi moja haiwezi kutoa vipande viwili vya mita 1.26, kwa sababu jumla yake ni mita 2.52. Maana yake kila ukuta unakula konisi mbili, na chumba kinataka 8. Ongeza 1 ya mazoezi na ya kuvunjika, ziwe 9.

Ukipata konisi za mita 3 na chumba chako hakizidi mita 3 kila upande, kipande kimoja kinatosha ukuta mzima bila kiungio. Pima konisi yenyewe dukani kwa tepu, kwa sababu urefu hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

## Vifaa

- Konisi zilizonyooka na zilizokauka. Shika mwisho mmoja, fumba jicho moja, tazama kwa urefu wake. Iliyopinda iache. Iliyo mbichi huwa nzito na baridi mkononi.
- Gundi ya konisi ya mfuko. Ukiikosa, unga wa jipsam wa kawaida unafaa kwa konisi ndogo kama hii, ila unashika haraka zaidi. Mfuko wenye madonge umeshavuta unyevu. Usiuchukue hata kwa nusu bei.
- Kisanduku cha kukatia pembe, kile mafundi wanachokiita maita boksi, na msumeno wa mkono wenye meno madogo. Hakikisha konisi yako inaingia ndani ya kisanduku ikiwa imeegama, si ikiwa imelala bapa.
- Tepu, penseli, pimamaji na uzi wa chaki.
- Kisu cha puti cha inchi 4 na kingine chembamba.
- Ndoo ndogo mbili, moja ya maji safi na moja ya kukorogea. Ya plastiki laini ndiyo nzuri, maana ukiiminya jipsam iliyokauka hutoka yenyewe.
- Brashi pana, sponji, msasa namba 120 na 180.
- Misumari ya inchi 2 na nyundo.
- Ngazi mbili za kusimama na ubao mpana wa kulaza juu yake.
- Miwani ya kazi na barakoa.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Konisi ya mita 2.4 haibandikwi na mtu mmoja bila kuvunjika katikati, hasa siku ya kwanza.

Suala la ngazi na ubao nalisisitiza. Kazi hii ni ya kusogea huku mikono iko juu, na kiti kilichowekwa juu ya meza kitakuangusha pale unaponyoosha mkono kuifikia kona.

Usafiri nao ni sehemu ya kazi. Kutoka madukani mjini hadi Iyumbu au Nzuguni, konisi zilizobebwa kwenye bodaboda au kuchomozwa nje ya bajaji hufika zina nyufa ambazo hutaziona mpaka ubandike. Kodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, laza ubao chini, zipange konisi bapa juu yake, zifunge zisicheze. Ukifika, zilaze sakafuni palipo sawa. Ukiziegemeza ukutani kwa wima zitapinda.

## Kagua paa na mbao za dari kwanza

Mvua za Dodoma zinakuja kati ya Desemba na Aprili. Anayefunga konisi mwezi wa nane hana habari kama bati linavuja, na jipsam ikinyonya maji hulainika, huota madoa ya kahawia na mwishowe hushuka. Panda darini na tochi uangalie mbao za kenchi: alama nyeusi zilizochirizika ni za maji ya mwaka uliopita. Ziba bati kwanza.

Jambo la pili ni umri wa dari. Mbao nyingi za kuezekea tunazotumia huku ni za msonobari kutoka Mafinga na Sao Hill, na mara nyingi hufika zikiwa bado na unyevu. Zikikaa chini ya bati la moto kwenye hewa kavu ya Dodoma hupungua na kujipinda, zikivuta dari pamoja nazo. Kama dari imefungwa mwezi uliopita, ningekushauri usubiri angalau miezi michache ya kiangazi ipite. Ukifunga konisi leo, ufa utajitokeza kati yake na ukuta, na utadhani gundi ndiyo mbaya.

Mpangilio mzuri wa kazi ni huu: skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta na dari, iishe na ikauke, konisi ifuate, rangi ya mwisho ije baada ya hapo.

## Hatua ya 1: Andaa ukuta na dari

Zima umeme wa chumba kwenye swichi kubwa. Utakuwa unapiga misumari na kumwaga maji karibu na nyaya.

Shika kipande cha konisi pale kitakapokaa, uone kinafunika sentimita ngapi ukutani na darini. Eneo hilo ndilo la kuandaa, pamoja na sentimita moja ya ziada.

Kwanza fanya jaribio. Bandika selotepu ukutani, isugue vizuri, ibandue kwa ghafla. Ikitoka na unga mweupe au rangi, gundi yako nayo itatoka hivyo hivyo, kwa sababu itashika chokaa na chokaa haijashika ukuta. Kwangua mpaka ufike kwenye plasta ngumu. Ukuta wenye rangi ya mafuta au rangi inayong'aa uchanje kwa ncha ya kisu, mistari ya kukatizana, kila sentimita 2 au 3, mpaka uone plasta ndani ya mikwaruzo.

Kisha futa vumbi kwa brashi kavu, halafu kwa sponji yenye maji. Funga madirisha unapofanya hivi. Ukiacha wazi siku ya upepo, vumbi jipya litatua kabla hujamaliza ukuta wa nne.

Utajua umefaulu ukipitisha kiganja ukutani kikatoka safi.

## Hatua ya 2: Piga mistari ukutani na darini

Chukua kipande kifupi cha konisi, kama sentimita 20, kilichokatwa mraba. Kikalishe vizuri: ukingo mmoja ulale sawasawa ukutani, mwingine ulale sawasawa darini. Weka alama ya penseli ukutani pale kinapoishia na darini pale kinapoishia. Fanya hivyo kila kona na kila baada ya mita moja, kisha unganisha alama kwa uzi wa chaki. Angalia pia kama konisi yako ina upande wa ukutani na wa darini unaotofautiana. Ikiwa hivyo, andika kwa penseli nyuma ya kila moja, "ukuta" na "dari", kabla kazi haijaanza.

Dari ikiwa na mawimbi madogo, ifuate dari. Jicho huona haraka mwanya wa juu kuliko tofauti ya milimita chache chini. Pimamaji itumie kujua ukubwa wa tatizo: kama dari imeshuka zaidi ya sentimita moja kutoka kona hadi kona, piga uzi ulionyooka na ukubali kujaza mwanya darini.

Mistari ya darini ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo itakayokuokoa kwenye kona. Mstari wa ukuta huu na wa ukuta wa jirani ukikutana darini, pale unapata nukta. Chora mstari kutoka kwenye nukta hiyo hadi ndani kabisa ya kona. Huo ndio mstari halisi wa maungio ya kona yako, hata kama fundi aliyejenga hakuipata digrii 90. Kona nyingi hazina digrii 90.

Umefaulu ikiwa kila kona ya chumba ina nukta moja darini na mstari mmoja wa mshazari.

## Hatua ya 3: Kata, na hapa ndipo pa kwenda polepole

Konisi hukaa ikiwa imeegama kati ya ukuta na dari. Ukiilaza bapa kisandukuni na kukata digrii 45, umekata pembe ambayo haipo chumbani kwako, na hakuna puti itakayoirekebisha. Inatakiwa ikae kisandukuni jinsi itakavyokaa juu, ila imegeuzwa kichwa chini.

Fanya hivi. Sakafu ya kisanduku iwe dari yako. Ubavu wa kisanduku ulio mbali nawe uwe ukuta wako. Ukingo wa darini ulale kwenye sakafu ya kisanduku, ukingo wa ukutani uegemee ule ubavu wa mbali. Kingo zote mbili zilale bapa bila kuchezacheza. Ukiipata hali hiyo, pigilia kijiti kidogo sakafuni mwa kisanduku mbele ya konisi, ili kila kipande kinachofuata kikae palepale.

Kwa kuwa umeigeuza, kushoto na kulia vimebadilishana: mwisho utakaokaa kulia ukutani sasa uko kushoto kwako. Hapo ndipo watu wanapoharibu konisi mbili tatu. Usitegemee kumbukumbu. Tumia kanuni hii kabla ya kila mkato:

Kona ya ndani, ukingo wa ukutani ndio mrefu.

Kona ya nje, yaani inayotokeza kama ya nguzo, ukingo wa darini ndio mrefu.

Iandike kwenye kipande cha boksi, uitundike mbele ya macho. Kabla msumeno haujagusa, uliza upande upi utabaki mrefu, uonyeshe kwa kidole, ndipo ukate.

Anza na vipande vya mfano. Kutoka kwenye ile konisi ya ziada, kata vipande viwili vya sentimita 30, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto cha kona ya ndani. Vipeleke kwenye kona zote nne, umshikishe msaidizi kimoja. Utaona kona zipi zinafunga na zipi zinaachia. Viandike "kulia" na "kushoto" na uvitunze. Kila ukitaka kukata kipande halisi, kwanza kiweke cha mfano kisandukuni uone msumeno unapita njia gani.

Sasa vipimo. Tuseme ukuta ni sentimita 366 na konisi yako inatokeza darini sentimita 7. Kwa kona mbili za ndani zilizonyooka, ukingo wa ukutani utakuwa na jumla ya sentimita 366, na wa darini 366 ukitoa 14, yaani 352. Lakini pima darini kati ya nukta na nukta. Ukipata 351 au 353, kona moja haiko sawa, na nukta ndizo za kuaminiwa. Weka alama mbili kwenye konisi, moja kwa kila ukingo. Kata kwa tundu la digrii 45 ukiacha milimita 2 au 3 za ziada, kisha sugua kwa msasa namba 120 uliofungwa kwenye kibao mpaka ufikie alama zote mbili. Jipsam hukwanguka kwa urahisi. Dakika chache za kusugua zinakupa kona ambayo kisanduku peke yake kisingekupa.

Msumeno uuvute kwa mwendo mwepesi bila kukandamiza. Mkono wa pili ushikilie konisi karibu na mkato, maana sentimita ya mwisho ndiyo inayomeguka. Vaa barakoa, vumbi lake ni jembamba.

Viungio vya katikati ya ukuta vikate mraba. Usiviweke karibu na dirisha, kwa sababu mwanga wa ubavuni huonyesha kila kivimbe. Na usiache kipande chini ya sentimita 30 popote.

## Hatua ya 4: Jaribu bila gundi

Panga vipande vyote vya ukuta mmoja mahali pake, mkishikilia kwa mikono. Mwanya wa milimita 2 au 3 kwenye kona haukutishi, utajazwa. Ukizidi hapo, shusha usugue tena. Andika nyuma namba ya ukuta na mshale unaoelekea darini.

Anza na ukuta wenye mlango. Anayeingia chumbani huupa mgongo ukuta huo, na mikato yako ya kwanza haitakuwa bora kama ya mwisho. Ukuta unaotazamana na mlango uache uwe wa mwisho.

Vipande vikishakubali, piga misumari ya inchi 2 chini kidogo ya mstari wa ukutani, kila sentimita 60, iingie nusu tu. Itabeba konisi wakati gundi inashika. Juu ya swichi au soketi usipige msumari, kwa kuwa waya mara nyingi hushuka ndani ya ukuta palepale.

## Hatua ya 5: Lowesha, kisha koroga

Jipsam haikauki kama udongo unavyokauka juani. Unga hushika kwa kuyala maji na kugeuka jiwe upya. Ukuta mkavu ukiyavuta maji hayo mapema, unga hubaki unga, na hapo ndipo kipande kinaanguka usiku bila kuacha alama.

Kwa hiyo chovya brashi, lowesha eneo lote kati ya mstari wa ukutani na wa darini, subiri dakika tano, lowesha tena. Ukuta wa Dodoma kiangazi unaweza kutaka mara tatu. Jipsam bodi ya darini ipitishie brashi yenye unyevu tu, isirowe. Nyuma ya konisi, kwenye zile kingo mbili, pitisha brashi pia. Ukuta uko tayari ukiwa umebadilika rangi na kubaki mweusi, bila maji kuchirizika.

Tumia maji safi ya kunywa kukoroga. Maji ya visima sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, na chumvi hiyo hutoka baadaye kama ukungu mweupe juu ya rangi.

Weka maji kwanza kwenye ndoo, kisha unga juu yake. Ukimimina maji kwenye unga utapata madonge. Gundi ya mfuko fuata kipimo kilichoandikwa. Kwa unga wa kawaida anza na vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji, acha unga uzame dakika moja, koroga bila kupiga povu, ongeza unga kidogo kidogo mpaka mchanganyiko usimame juu ya kisu bila kuteleza.

Koroga mchanganyiko wa kipande kimoja tu kwa wakati. Ukianza kushika ndani ya ndoo, huo umeharibika. Usiongeze maji kuulainisha, hautashika tena kwa nguvu yake. Utupe, osha ndoo mpaka iwe safi, koroga mwingine, kwa sababu mabaki ya zamani huufanya mpya ushike upesi mno. Mabaki usiyamwage kwenye sinki wala choo. Yatakuwa jiwe ndani ya bomba.

Fanya kazi hii asubuhi, madirisha yakiwa yamefungwa.

## Hatua ya 6: Bandika

Paka gundi kwenye kingo zote mbili za nyuma, mfululizo bila kuacha pengo, unene wa kama sentimita moja. Paka pia kwenye uso wa mkato utakaokutana na kipande kingine.

Inueni wawili, kila mmoja kwenye robo ya urefu kutoka mwisho. Kalisheni ukingo wa chini juu ya misumari, usukumeni juu mpaka ukutane na mstari wa darini. Bonyezeni kwa kiganja kilichofunguka, mkianzia katikati kuelekea miisho. Gundi itoke pande zote mbili kwa urefu wote. Mahali isipotoka pana uwazi nyuma. Vueni mara moja muongeze.

Kwangua iliyotoka kwa kisu chembamba na uitumie kujaza mwanya wa ukingo hapo hapo, kisha pitisha sponji yenye unyevu. Ikishakauka utaitoa kwa msasa na jasho.

Shikilieni dakika chache, achieni taratibu mkono mmoja mmoja. Kabla ya kwenda kipande kinachofuata, gonga konisi polepole kwa kifundo cha kidole. Sauti iliyojaa inasema imeshika, sauti ya uwazi inasema bado kuna mahali hapana gundi.

Misumari iache mpaka kesho yake.

## Hatua ya 7: Kona na viungio

Subiri vipande vya kuta zote viwe vimeshika. Lowesha mwanya wa kona kwa brashi ndogo, koroga gundi mzito kidogo, isukume ndani kwa kisu chembamba mpaka ijae kutoka nyuma. Kosa la kawaida ni kupaka juu juu. Inaonekana nzuri siku hiyo, inapasuka wiki inayofuata.

Umbo la konisi kwenye kona lichonge gundi ikiwa imeanza kushika, bado inakwanguka. Kata kipande cha kadi ngumu kwa umbo la konisi, kivute kutoka kila upande kuelekea kwenye mstari wa kona. Mstari huo ubaki mkali, usiuviringishe kwa kidole. Kona iliyoviringika inaonekana hata ukiwa mlangoni.

Viungio vya katikati vijaze vivyo hivyo, viache vikae juu kwa unene wa karatasi, msasa utavimaliza.

## Hatua ya 8: Kukauka, msasa na rangi

Kesho yake toa misumari kwa kuizungusha, jaza matundu. Kisha acha.

Hewa yetu inakausha uso wa jipsam haraka, na hilo linadanganya: juu ni nyeupe, ndani bado kuna maji. Weka mgongo wa kiganja kwenye viungio. Pakiwa na ubaridi kuliko konisi ya pembeni, unyevu upo. Siku mbili au tatu kwa kawaida zinatosha kiangazi. Wakati wa mvua ongeza.

Piga msasa namba 180 ukiwa na taa ya mkononi, au tochi ya simu, iliyoshikwa karibu na ukuta ili mwanga upite kwa ubavu. Vivimbe vyote vitajionyesha. Ukimaliza, futa vumbi kwa brashi na kitambaa chenye unyevu kidogo.

Rangi ya kwanza iwe ya maji, iliyopunguzwa kwa maji kiasi, ili inyonywe na jipsam. Ukipaka nzito moja kwa moja itakauka juu bila kushika na kubanduka kama ngozi. Ikikauka, paka mikono miwili ya kawaida.

## Ufa ukijitokeza baadaye

Ufa mwembamba kati ya konisi na ukuta baada ya kiangazi cha kwanza unatokana na mbao za dari kusogea. Usiujaze kwa jipsam, utarudi palepale kwa sababu jipsam haijikunji. Upanue kidogo kwa ncha ya kisu, toa vumbi, jaza kwa akriliki ya bomba, ile inayokubali rangi. Silikoni usitumie, rangi haiishiki. Laini kwa kidole chenye maji, subiri siku moja, paka rangi.

Ufa kwenye kona yenyewe, unaofunguka na kufunga, au konisi inayocheza ukiibonyeza, ni habari nyingine: gundi haikushika tangu mwanzo. Ikate kwa kisu kwenye kingo zote mbili, ishushe mkiwa wawili, kwangua nyuma na ukutani mpaka pawe safi, urudie kuanzia kulowesha.